Acheni Kuiheshimu, Itazameni

Filamu ya nyeusi na nyeupe ina maadui wa aina mbili. Wa kwanza ni kijana mwenye simu na bando: anafungua, anaona picha haina rangi, anaangalia mwaka, anafunga. Huyo simlaumu sana. Hakuna aliyemwambia kilichomo ndani, na bando ni lake. Ninayetaka kuzungumza naye ni adui wa pili. Huyu ni mpenzi wa sinema, mara nyingi msomi, mara nyingine mwandaaji wa matamasha, na kila filamu ya zamani inapotajwa anainamisha kichwa kama aliyesikia jina la marehemu. Atakuambia ni filamu muhimu. Atakuambia ilifungua njia. Muulize aliitazama lini mara ya mwisho, ataanza kukutajia tuzo.

Kwa pamoja watu hawa wamejenga rai ambayo imeenea hadi kwa wasiowahi kuikalia filamu yoyote ya namna hiyo: kwamba sinema isiyo na rangi ni sinema changa, kwamba walioitengeneza walifanya walichoweza kwa vifaa duni, na kwamba mtazamaji wa leo inabidi aisamehe kwanza ndipo aifaidi. Naikataa rai hiyo yote. Na filamu ninayoishika kuikatalia ni ile inayoinamishiwa vichwa kuliko karibu zote barani Afrika, La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966.

Kisa chake ni kifupi. Diouana, msichana wa Dakar, anapata kazi ya kulea watoto katika familia ya Kifaransa. Familia inarudi kwao na kumwita aifuate Antibes, kusini mwa Ufaransa. Anashuka melini amependeza, gauni zuri na viatu vya kisigino, akitarajia watoto, maduka na miji ya kutembelea. Anachokuta ni jiko, bafu na sakafu. Watoto hata hawapo nyumbani. Anapika, anafua, anadeki, anaitwa mvivu. Siku zinavyokwenda anaacha kujibu, halafu anaacha kufanya kazi, halafu anakitoa ukutani kinyago cha kuvaa usoni alichowahi kuwapa mabosi wake zawadi, anafunga sanduku lake, na anajiua bafuni. Yote hayo hayafiki saa moja. Nimeshakutajia mwisho wa Diouana, na sijakuharibia chochote: gazeti la Ufaransa liliuchapa kama habari ndogo mwaka 1958, na ndiko Sembène alikoutoa, kwanza kuwa hadithi fupi, baadaye kuwa filamu. Mwisho wake ulijulikana kabla kamera haijawashwa.

Sasa msikilize mpenzi wa sinema anavyoisifu. Atasema mara nyingi inahesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji kutoka kusini mwa Sahara kupata jina duniani. Atasema ilipata Tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa na Tanit ya Dhahabu katika tamasha la kwanza la Carthage, Tunisia, mwaka uleule. Atakusimulia kuwa Sembène alikuwa kuli wa bandari ya Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, kisha akaenda Moscow kusomea sinema akiwa karibu na umri wa miaka 40. Akiwa amesoma zaidi atakumbusha amri ya Laval ya mwaka 1934, iliyomtaka mtu apate kwanza kibali cha serikali ya kikoloni ndipo apige filamu katika makoloni ya Ufaransa Afrika Magharibi. Yote ni kweli. Lakini katika hayo yote, lipi ni sababu ya mtu aliyechoka na kazi za mchana kuketi usiku na kuitazama? Hakuna. Ukikisifu kitu kwa kuwa ni cha kwanza umekwisha kukiri kwamba vilivyofuata vimekipita, na anayekusikia anakuelewa vizuri sana. Anakushukuru, anakwenda kutazama hivyo vilivyofuata.

Isitoshe, filamu yenyewe imekwisha kumchora mpenzi huyu. Diouana anapowakabidhi mabosi wake kile kinyago huko Dakar, alichokinunua kwa kijana mdogo wa mtaani kwao kwa vijisenti, Monsieur, bwana wa nyumba, anakigeuzageuza mkononi, anaridhika kuwa ni cha asili hasa, na kinatafutiwa nafasi pamoja na vinyago vingine walivyonavyo. Hakuna anayeuliza ni cha nini. Wasifiaji wa filamu za kale wanafanya hivyohivyo: wanathibitisha uasili, wanatundika, wanaendelea na mazungumzo.

Tuanze na rangi, maana ndiyo lawama kubwa. Wanasema ingekuwa ya rangi ingeishi zaidi, na siku hizi programu za kompyuta zinaweza kuipaka rangi filamu yoyote ukiwa umekaa mezani kwako. Hebu ingia katika ile nyumba ya Antibes uone kinachopotea. Kuta ni nyeupe. Bafu ni jeupe, na beseni la kuogea ni jeupe. Kwenye ukuta mmoja, peke yake, kinaning'inia kile kinyago. Dakar kilikuwa kimoja kati ya vingi. Hapa ndicho kitu cheusi pekee ukutani, na msichana ndiye mtu mweusi pekee ndani ya nyumba. Kila anapopita mbele ya ukuta ule jicho linawaona wawili hao na linawaunganisha lenyewe, bila mtu kusema neno, bila muziki kupanda. Mpiga picha Christian Lacoste hakuwa na haja ya ujanja wowote zaidi ya kuuacha ukuta utupu. Sasa paka rangi. Ukuta utakuwa wa maziwa au wa kijivu kidogo, kinyago kitakuwa cha kahawia, kochi litapata rangi yake, mapazia yake, matunda mezani yake, na jicho litakuwa na mambo kumi ya kutazama. Uhusiano ule, ambao ndio filamu yenyewe, utazama katika samani.

Halafu kuna bahari. Antibes iko ufukweni mwa Mediterania, pwani ambayo watu husafiri kutoka mbali kuja kuota jua. Diouana haigusi. Anasema moyoni kwamba Ufaransa kwake ni jiko, sebule, bafu na chumba chake cha kulala, na usiku akichungulia dirishani nje ni giza tu. Mtazamaji anayeona bahari ya buluu iliyoiva hawezi kuamini kwamba huyu binti haioni. Angelikuwa anatazama tangazo la likizo huku mtumishi analia pembeni. Nyeusi na nyeupe inamfungia mtazamaji ndani pamoja naye.

Na hapa kuna jambo ambalo wapaka rangi hawapendi kulisikia. Rangi ilikuwapo. Sembène alipiga kipande cha rangi cha safari ya gari, Diouana anapowasili na kupita kando ya pwani ile, na kipande hicho kimehifadhiwa hadi leo, ukikitafuta utakiona. Filamu ilikuwa ndefu zaidi, ikabidi ikatwe isizidi saa moja kwa sababu ya kanuni za mamlaka ya sinema ya Ufaransa, ambazo kwa filamu ndefu zilidai kitambulisho cha taaluma ambacho hakuwa nacho. Kwa hiyo sitadai kwamba alikiondoa kwa kuwa alikuwa na falsafa dhidi ya rangi. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na kinatosha: tazama filamu bila kile kipande, kisha kitazame chenyewe, na uniambie kama kuna pengo. Kipande ni kizuri. Hakina kazi.

Najua jibu linalokuja, nimelisikia mara nyingi: mbona alipopata fedha alihamia rangi? Mandabi, filamu yake iliyofuata ya mwaka 1968, ni ya rangi, na ni kweli ni tamu. Lakini Mandabi ni vichekesho vya mzee mwenye wake wawili anayehangaika ofisi hadi ofisi na hundi ya posta iliyotumwa na mpwa wake kutoka Paris. Ni filamu ya mitaa, majoho, majirani wanaokopa, wapambe wanaonusa pesa. Inataka wingi, na rangi ni wingi. La Noire de... inataka upungufu. Fundi anayejua kutumia msumeno na nyundo hatumii vyote viwili kwa kazi moja ili kuonyesha kwamba anavyo.

Lawama ya pili ni sauti. Kweli, sauti haikurekodiwa pamoja na picha. Iliingizwa baadaye, na maneno ya Diouana tunayoyasikia hayakutamkwa na Mbissine Thérèse Diop anayeonekana, bali na Toto Bissainthe, mwimbaji na mwigizaji wa Haiti. Midomo na maneno wakati mwingine havikutani. Watu waliokulia kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam wakilalamikia jambo hili mimi nashangaa. Tumecheka na kulia kwa sauti za wasimulizi waliowekwa juu ya Wachina, Wahindi na Wamarekani, wasimulizi waliobadilisha hata majina ya wahusika, na hatukuona shida. Leo hii sebule nzima zinafuatilia tamthilia za Kituruki zilizoingizwa Kiswahili kila jioni. Sikio la Mswahili limezoea mambo haya kuliko sikio lolote, kwa hiyo tuiache hiyo lawama kwa wanaoweza kuisema bila aibu.

Hasa kwa kuwa katika filamu hii mpasuko kati ya mdomo na sauti ndiko akili yake iliko. Mbele ya mabosi wake Diouana hasemi karibu kitu: ndiyo Monsieur, ndiyo Madame. Ndani yake anasema mfululizo, kwa maneno yaliyonyooka, anauliza, anakejeli, anakumbuka. Sisi tunamsikia, wao hawamsikii. Uone kilele chake kwenye chakula cha mchana na wageni. Amepika wali wa kwao Senegal, anapita na sahani, na wale watu wanamjadili akiwa hapo hapo. Mmoja anataka kujua kama anaelewa Kifaransa. Jibu analopewa ni kwamba anaelewa kwa hisia tu, na mwingine analifananisha hilo na mnyama. Mwanaume mmoja anainuka na kumbusu kwa nguvu kwa kuwa hajawahi kumbusu mwanamke mweusi, na meza inacheka. Muda wote huo sisi tumekaa ndani ya kichwa chenye Kifaransa kilicho bora kuliko adabu za wageni wote wale. Ungepata wapi hilo kama msichana angekuwa anajibizana nao kwa sauti yake, midomo ikiwa sawasawa?

Wanaosema filamu za zamani zinakwenda polepole wana haki kwa baadhi. Hii haimo. Tazama tu jinsi kazi inavyopatikana. Dakar, wasichana wamekaa kwenye ukingo wa barabara, safu nzima, wakisubiri mtu aje kuchagua. Anakuja Madame na miwani myeusi ya jua, anatembea mbele yao akiwatazama. Wote wanaruka na kumzunguka, kila mmoja anajisogeza. Diouana peke yake anabaki ameketi. Madame anawapita wote, anamchagua yeye. Hakuna maelezo. Ndani ya dakika chache umekwisha kujua anachokitafuta bosi huyu: mtu asiyedai. Umejua pia kwa nini mambo yataharibika, kwa sababu ulichokiona wewe ukingoni pale, ambacho Madame amekidhania unyenyekevu, kilikuwa fahari. Tamthilia ya siku hizi ingetumia vipindi viwili kwa jambo hilo, na katika cha pili shangazi angetokea kulieleza.

Nasema hivi nikiwa na hausigeli wa filamu zetu akilini, maana hii ni mada ambayo Afrika Mashariki imeichezea hadi ikachakaa. Tunajua mpangilio: bosi mchawi wa roho, vibao, chakula cha mbwa, mume mwenye macho ya nje, na mwishoni polisi au mchungaji. Mtazamaji anatoka akiwa safi kabisa. Hakuna anayejiona katika yule bosi, kwa kuwa hakuna bosi wa namna ile. Na beki tatu wake anaendelea kuamka alfajiri na kulala wa mwisho. Sembène hakumpa mtazamaji njia hiyo ya kutorokea. Madame hampigi Diouana. Dakar alikuwa mchangamfu, akimpa magauni yake ya zamani. Antibes maisha yamembana, mume anakunywa, nyumba ni ndogo, na yale magauni aliyoyatoa mwenyewe sasa yanamkera akimwona binti ameyavaa akideki. Anamfunga aproni. Anamwambia avue vile viatu. Ukatili wote uko katika vitu vya kiasi hicho, na ndiyo maana unauma: ni vitu ambavyo mtu mwema anaweza kuvifanya Jumanne asubuhi bila kukosa usingizi Jumanne usiku.

Barua ni mfano mwingine. Inafika kutoka kwa mama yake Diouana, na kwa kuwa binti hajui kusoma, Monsieur anamsomea. Mama analalamika kwamba hajapata habari wala msaada. Monsieur, kwa nia njema kabisa, anachukua kalamu na kuanza kuandika majibu. Anaandika kwamba mambo ni mazuri, anamwangalia Diouana amwongezee la kusema, Diouana kimya, naye anaendelea kujaza. Binti anaichukua barua ya mama yake na kuichana. 

Ndiyo sababu siwaelewi wanaosema kisa hiki ni cha enzi za ukoloni. Kwanza, Senegal ilipata uhuru mwaka 1960, na filamu inazungumzia miaka iliyofuata. Pili, wako wasichana wangapi kutoka Tanga, Mombasa au Kampala walioondoka kwenda Oman na Saudi Arabia wakiahidiwa watoto wawili wa kulea, wakafika wakakuta nyumba ya ghorofa na familia ya ukoo mzima? Chini ya utaratibu wa kafala kuwapo kwako nchini kumefungwa kwa mwajiri, na hati ya kusafiria mara nyingi anaishikilia yeye, ingawa sheria zinakataza. Habari zao tunazijua kama zilivyojulikana za Diouana: aya chache gazetini, siku hizi video fupi ya kuomba msaada inayosambaa wiki moja. Zinatuambia kilichotokea. Hazituambii siku ya ishirini na tatu ilikuwaje, mtu alipokuwa bado hajapigwa, hajanyimwa chakula, amechoka tu na jina lake halijatajwa tangu asubuhi. Sijaona filamu mpya ya rangi iliyoniambia hilo vizuri kama hii.

Isidhaniwe kwamba haina dosari. Wale wageni wa chakula ni vibonzo, na waigizaji wazungu kwa jumla ni wakavu. Mpenzi wa Diouana kule Dakar ni siasa iliyovaa shati. Anasimama pale ili atoe onyo. Na Kifaransa: Diouana anawaza kwa lugha ya mabosi wake kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo nitasalimu amri nusu. Imezaa ile kejeli ya mezani niliyoieleza, lakini msichana wa Dakar akimkumbuka mama yake hawezi kumkumbuka kwa Kifaransa, na Sembène alilijua hilo, ndiyo maana katika Mandabi watu wanazungumza Kiwolofu. Dosari hizi ni za filamu iliyo hai, unaweza kubishana nayo. Marehemu hubishani naye.

Nakala haina kisingizio tena. Mwaka 2015 filamu ilikarabatiwa Bologna, Italia, kwa ushirikiano na mradi wa sinema ya dunia wa Martin Scorsese, na picha ni kali kiasi kwamba unaona ufumaji wa gauni. Wenye vyumba vya maonyesho wana dakika 59 za kujaza, ni pungufu ya kipindi kimoja cha mechi pamoja na mapumziko yake.

Yuko atakayeuliza kwa nini ajitese na filamu inayoishia kwenye beseni la kuogea. Haiishii hapo, na hapa ndipo wengi wanaoisifu kwa kumbukumbu hujichongea. Baada ya kifo inaendelea. Monsieur anasafiri hadi Dakar na sanduku, kinyago na mshahara wa marehemu, anatafuta nyumba kwa kuuliza, anamkuta mama, ananyoosha noti. Anataka sana zipokelewe. Mama anazitazama, anageuka, anaondoka. Monsieur hana la kufanya na mkono wake, na mtaa mzima umesimama unamwangalia. Kijana yule wa kinyago anakivaa usoni na kumfuata nyuma hadi kwenye gari. Filamu ya kulia ingemfanya mama apige mayowe na mzungu aombe msamaha, nasi tungepangusa macho tukaenda kulala. Hapa hakuna aliyesamehewa wala aliyelipwa. Anayesema imepitwa na wakati aniambie kwanza zile noti zilikuwa za kulipia nini.